Mume wangu anataka tuzae mtoto wa kumponya kaka yake

Shikamoo mama,

Nina miaka 33, nimeolewa, nina watoto wawili. Binti yangu ana miaka 9, mzima kabisa. Mdogo wake wa kiume ana miaka mitano na nusu, ana selimundu, yaani sikoseli. Naomba usitaje mji wetu, maana ni mdogo na mambo ya watu hayafichiki.

Mwanangu alizaliwa vizuri. Alipofikisha miezi minane, niliamka asubuhi moja nikakuta viganja vyake vyote viwili vimevimba, nyayo nazo vilevile, ngozi imevutika inang'aa. Hakutaka hata kuguswa. Mama mkwe akasema ni kijicho cha watu, akamfunga uzi mweusi mkononi. Tulizunguka huku na huku karibu miezi mitatu, mpaka daktari mmoja akaagiza kipimo cha damu. Majibu yakaja SS, yaani selimundu. Mimi na mume wangu tukapimwa, sote wawili AS, yaani tumeibeba bila kuumwa.

Tangu hapo nimezoea wodi kuliko sebule yangu. Ameongezewa damu mara nne. Masika yaliyopita, usiku wa mvua, aliniambia, "Mama, linauma huku ndani, ndani ya mfupa." Nilikaa na miguu yake mapajani hadi alfajiri, namkanda kwa chupa ya maji ya moto niliyoizungushia kanga. Anatumia foliki asidi na dawa ya kumkinga na malaria, na akibanwa sana tunakimbilia hospitali.

Mume wangu ni mtu mwema. Anauza dagaa, anahangaika, hajawahi kuninyanyulia mkono. Mwaka jana alisikia redioni kwamba Dodoma wanapandikiza uboho, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, na watoto wenye selimundu wanapona. Akafuatilia, akaambiwa uboho unaofaa zaidi hutoka kwa ndugu wa baba mmoja mama mmoja. Alirudi nyumbani uso umemchangamka kama siku ya harusi yetu. "Mke wangu, tuzae mwingine. Huyo ndiye atakayemwokoa kaka yake." Nikamuuliza, na huyo naye akiwa mgonjwa? Akasema nesi alitueleza ni mmoja kati ya wanne. Wa kwanza mzima, wa pili ndiye aliyeangukiwa, basi wawili wanaofuata ni wazima. Robo yetu imeshatoka.

Sasa nikwambie nisichomwambia mtu. Mwaka mmoja na nusu uliopita, siku mwanangu aliporuhusiwa kutoka wodini, nilipitia kituo cha afya nikawekwa kijiti cha kuzuia mimba. Mume wangu hajui. Kiko mkono wa kushoto, kwa ndani, juu ya kiwiko, nami hulala upande huo ili asikiguse. Kwa miezi minane sasa anaamini tunatafuta mtoto na Mungu hajajalia. Mama mkwe ananichemshia mizizi, ananisimamia nikinywa. Nakunywa.

Na huyohuyo mama mkwe, msibani, mbele ya watu, alisema, "Ugonjwa huu kwetu haupo. Umetoka kwao." Mume wangu alikuwa amekaa palepale. Hakufungua mdomo. Mpaka leo hajamwambia mama yake kwamba na yeye ni AS.

Juzi mwanangu kaniuliza, "Mama, mtoto atakuja lini? Baba amesema akija, mimi sitaumwa tena." Nilijifanya natafuta dawa kabatini ili asinione.

Mama, nifanye nini? Nikitoe kijiti? Nikikaa nacho, namnyima mwanangu nafasi ya kupona? Nikizaa mwingine akawa SS, nitawakanda wawili kwa wakati mmoja? Na nikizaa mzima, je, ni haki mtoto kuja duniani tayari ana kazi ya kufanya?

Mama wa wawili, Kanda ya Ziwa

*

Marahaba mwanangu, na pole.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kabla ya kukaa kuandika majibu haya nilifanya kazi wodi ya watoto kwa miaka mingi, na hiyo chupa iliyozungushiwa kanga naijua. Nimewaona akina mama wengi wakikesha nayo. Wanaodhani mama wa mtoto wa selimundu ni mtu wa kulalamika hawajawahi kukaa hata usiku mmoja pembeni ya kitanda hicho.

Umeniuliza mengi, nami naona yameshikana kama matundu ya wavu. Mume wako anataka mtoto kwa sababu ya mapenzi. Wewe umejizuia kupata mtoto kwa sababu ya mapenzi hayohayo. Katikati yupo kijana ambaye ameshaahidiwa kitu, na kila mmoja wenu amebeba siri yake. Kama utaniruhusu, nianze na damu, kwa sababu mengi yanayowatenganisha yamesimama juu ya hesabu ambayo haikukamilika.

Ndani ya chembe nyekundu za damu kuna himoglobini, inayobeba hewa ya oksijeni. Imeundwa kwa nyuzi nne, na uzi mmoja wa aina ya beta una viungo 146 vilivyopangwa mfano wa shanga. Mtu hurithi maelekezo ya kutunga uzi huo kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, nakala moja moja. Zamani sana, maelfu ya miaka iliyopita, nakala ya mtu mmoja ilibadilika herufi moja tu. Palipotakiwa A pakakaa T, na ushanga wa sita ukawa mwingine. Mwaka 1956 na 1957 mwanasayansi Vernon Ingram, kule Cambridge, aliichambua himoglobini vipande vipande akaonyesha kwamba tofauti yote ni ushanga huo. Lakini ushanga huo mmoja, himoglobini ikishaachia oksijeni yake, huzifanya himoglobini zishikamane zikawa kama vijiti, chembe ikapinda mfano wa mundu, ikakwama kwenye mishipa midogo. Ndiyo maumivu yale ya ndani ya mfupa. Na chembe inayopaswa kuishi siku kama 120 huishi 10 hadi 20, ndiyo maana mwanao huishiwa damu.

Alizaliwa mzima kwa sababu mtoto mchanga huja na himoglobini ya tumboni, isiyopinda. Ikianza kwisha, kuanzia kama miezi sita, ndipo viganja na nyayo huvimba. Sikusimulii haya kumlaumu mama mkwe na uzi wake mweusi. Nakusimulia ujue kwamba mwezi ule wa nane hakuna mtu aliyemfanyia mwanao chochote, na wewe hukukosea chochote.

Sasa hilo la "umetoka kwao." Mwaka 1954, Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya na kufanya utafiti wake Afrika Mashariki, alichapisha alichokigundua: mtoto mwenye nakala moja tu iliyobadilika, yaani AS kama ninyi, hukingwa na malaria ile inayoua. Ndiyo maana mabadiliko hayo yamejaa mahali penye mbu wengi. Walipopima watoto wachanga huko kwenu Kanda ya Ziwa, takriban mtoto 1 kati ya 5 alikuwa AS. Kwa hiyo kama mume wako ni AS, kuna mzazi wake mmoja, au wote wawili, aliyempa. Kwako ni hivyohivyo. Bibi fulani wa upande wako na bibi fulani wa upande wake walipona malaria ya utotoni wakaishi kuzaa, na pengine hiyo nakala ndiyo iliyowasaidia. Haya ni yako ya kukutuliza moyo. Nakuomba usiyafanye fimbo ya kumchapia mama mkwe. Ukweli huu unatakiwa utoke kwa mwanawe, nitarudi hapo.

Tuje kwenye robo. Mume wako hajakosea alichosikia, amekosea anavyokihesabu, na hayuko peke yake, kliniki nzima huhesabu hivyo. Chukua vikombe viwili, kila kimoja kina kete mbili, moja nyeupe na moja nyeusi. Funga macho, chota kete moja kila kikombe. Zikitoka nyeusi zote mbili, ni SS. Ukimaliza, kete hurudi vikombeni. Mimba inayofuata unachota upya, na vikombe havikumbuki mara iliyopita ilitoka nini. Wapo wazazi wa AS wenye watoto watano wazima, na wapo wenye watatu wote SS. Robo yenu haijatoka. Itakuwepo mimba ya tatu, na hata mkifika ya kumi itakuwepo.

Na kuna hesabu ya pili ambayo sidhani mume wako aliambiwa. Ili uboho ufae, alama za kinga ya mwili za mtoaji na za mgonjwa zinapaswa kulingana. Kwa ndugu wa tumbo moja, nafasi ya kulingana kikamilifu nayo ni 1 kati ya 4. Maelekezo ya urithi yamefungwa kwenye vifurushi viitwavyo kromosomu; alama hizo ziko kromosomu ya 6, jeni ya selimundu iko kromosomu ya 11, hivyo moja haiivuti nyingine. Ukizizidisha, mtoto mpya asiye SS na ambaye uboho wake unalingana na wa kaka yake ni 3 kati ya 16. Hizo 13 zilizobaki ni watoto pia, mwanangu. Wengi wao ni wazima kabisa, ila uboho wao haufai. Mume wako anapomuona huyo mtoto kichwani, anaona wale 3 tu. Ungependa kujua, akija mmoja wa wale 13, atapokelewa vipi? Hilo ni swali la kumuuliza kwa upole, siyo la kumbana nalo.

Halafu kuna jambo nililolitafuta kwenye barua yako nisilione. Binti yenu. Ana miaka 9, mzima, baba mmoja mama mmoja. Nafasi ya yeye kulingana na mdogo wake ni robo ileile, na yuko hapo, anakula mezani kwenu. Hata kama ni AS, anaweza kutoa uboho. Kuna aliyempima? Kipimo ni cha damu tu. Sisemi mkimbilie huko. Na yeye ni mtoto, ana haki ya kuelezwa na kuogopa. Uboho huchukuliwa kwenye mifupa ya nyonga akiwa amelazwa usingizi, hubaki na maumivu siku kadhaa, na mwili hujaza uliotolewa. Akigundulika analingana, msije mkamtwisha peke yake maisha ya mdogo wake. Lakini kuhangaikia mtoto ambaye hajatungwa wakati aliyepo hajaulizwa, naona tumeruka ngazi.

Kuhusu upandikizaji wenyewe, alichosikia mume wako ni kweli. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, inawapandikiza uboho watoto wenye selimundu tangu 2023. Unaponya. Katika uchambuzi mmoja wa wagonjwa 1,000 kutoka nchi mbalimbali waliopandikizwa uboho wa ndugu unaolingana, uliochapishwa 2017, takriban 93 kati ya kila 100 walikuwa hai baada ya miaka mitano, na waliopandikizwa wadogo walifanya vizuri zaidi. Lakini kabla ya uboho mpya kuingia, dawa kali huufuta wa zamani, na kwa wiki kadhaa mtoto hana kinga. Wapo wanaoshambuliwa na uboho uliopandikizwa, na zile dawa zinaweza kumnyima uwezo wa kuzaa ukubwani. Wachache hufariki. Mtu akikuambia kuna njia isiyo na hatari hapa, anakudanganya, maana selimundu yenyewe nayo ina hatari zake kila mwaka.

Umeuliza kama unamnyima mwanao nafasi ya kupona. Nimelikaa sana swali hili. Hata ungeshika mimba leo, huyo mtoto angetakiwa azaliwe, apimwe, akue kiasi cha kuweza kutoa uboho. Ni miaka. Kijana wako anahitaji kitu cha miaka hiyo, na hapa ndipo nina neno la haraka kidogo. Umetaja foliki asidi na kinga ya malaria. Hukutaja haidroksiyurea. Huenda umeisahau tu, huenda hajaanzishiwa. Dawa hii huufanya mwili uendelee kutengeneza ile himoglobini ya tumboni isiyopinda. Utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda, ukatangazwa mwishoni mwa 2018, ulionyesha watoto waliotumia walibanwa mara chache, waliongezewa damu mara chache, na hata malaria na vifo vilipungua. Inahitaji kupima damu mara kwa mara, kwa hiyo usiinunue dukani, nenda kliniki ya selimundu. Uliza pia kuhusu chanjo, na kuhusu kipimo cha mawimbi ya sauti cha mishipa ya kichwa kinachoonyesha kama yuko hatarini kupata kiharusi. Mtoto aliyeongezewa damu mara nne kabla ya miaka sita anastahili kuangaliwa kwa makini zaidi ya hapo, iwe mtazaa au hamtazaa.

Na kama mtaamua kuzaa, wapo wazazi AS wanaozaa macho wazi, sithubutu kuwaita wajinga. Mtoto akipimwa siku za kwanza, akakutwa SS, huanza penisilini na kliniki mapema, hapitii ile miezi mitatu ya kuzunguka. Kipimo cha kujua kama mimba changa ni SS kipo duniani, ila si cha kila hospitali, na kabla ya kukiulizia ni vyema mjue jibu mtalifanyia nini, kwa sababu sheria yetu hairuhusu kutoa mimba isipokuwa kuokoa maisha ya mama. Njia ya kuchagua kiinitete maabara kabla ya mimba ipo pia. Gharama yake ni kubwa mno kwa familia ya dagaa, sitakupa matumaini ya bure.

Umeuliza kama ni haki mtoto kuja akiwa na kazi. Watu wetu wamezaa watoto kwa sababu nyingi: awepo wa kurithi jina la babu, awepo wa kuchunga, awepo wa kunizika. Sababu ya kumzaa haijawa lazima ndiyo sababu ya kumpenda. Kinachonitia wasiwasi ni ile siku atakapojua alikuja kwa ajili ya uboho ukashindikana. Je, kuna nafasi kwenu ya mtoto wa tatu ambaye hatafaa chochote ila kuwa mtoto wenu? Ukijijibu hilo ukiwa peke yako, nusu ya swali la kijiti utakuwa umelijibu.

Sasa kijiti. Sitakuambia kitoe, wala kiache. Mkono ni wako, na ulikwenda pale ukitoka wodini, umechoka, ukafanya kilichokupa usingizi. Lakini naona bei yake inapanda. Unakunywa mizizi ambayo hata hujui ni ya mti gani. Mume anaomba kitu ambacho wewe unajua hakiwezi kuja, na akikigundua kwa vidole vyake usiku, mtazungumza kijiti tu, hamtazungumza mtoto. Kumwambia nako kuna hatari. Anaweza kuumia, anaweza kukimbilia kwa mama yake. Umesema ni mwema na hajawahi kukupiga, wewe ndiye unayemjua. Kama kuna hata chembe ya shaka juu ya usalama wako, usimwambie mkiwa wawili tu chumbani.

Ninachokiona, na unisahihishe kama nimekosea, ni kwamba na yeye ana kijiti chake. Alinyamaza msibani. Amemwacha mama yake aamini ugonjwa ni wako, wewe umemwacha aamini mimba inakataa. Nadhani nyote wawili mlinyamaza kwa woga uleule. Labda mlango ni huo: "Siku ile msibani uliponyamaza niliumia, na mimi nina jambo nimelinyamazia." Labda iwe mbele ya nesi wa kliniki, baada ya kuelezwa zile kete upya, naye akiwa amesikia 3 kati ya 16 kwa masikio yake. Mwanamume aliyekwenda mwenyewe kuulizia uboho hatakataa kuandamana nanyi kliniki. Ya kumwambia mama yake kuhusu AS yake, mpe nafasi ayaseme mwenyewe. Akishindwa, mtafute mzee anayesikilizwa na mama mkwe, aseme kwa staha.

Na kijana wako. Akikuuliza tena, usitafute dawa kabatini. Mwambie kweli inayolingana na miaka yake: hatujui kama mtoto atakuja, na akija atakuwa mdogo wako wa kucheza naye. Wewe madaktari wako wapo, dawa zako zipo, na mimi nipo usiku. Mwombe baba yake aseme hivyohivyo, ili asije akakaa dirishani akimsubiri mtu.

Ukienda kliniki, nenda na binti yako pia. Mkiwa njiani mwambie anachoumwa mdogo wake, kwa maneno uliyoyasoma hapa, halafu mwache aulize.